Kabla Kontena Halijafungwa: Forodha na Vikwazo kwa Mwenye Kampuni Ndogo Ulaya

Beringi namba 6205 inaenea kiganjani. Kipenyo cha ndani ni milimita 25, cha nje 52, unene 15. Utaikuta kwenye mota ya pampu ya maji, kwenye feni, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Dukani ni kipuri cha euro chache tu. Forodha ya Umoja wa Ulaya inaiona kama bidhaa ya namba 8482 10, na namba hiyo imo kwenye orodha ya namba 50 zinazochungwa kuliko zote, kwa sababu bidhaa zake zimekutwa ndani ya silaha za Urusi huko Ukraine au zinahitajika kuzitengeneza.

Ninaandika kwa ajili ya ndugu zetu waliofungua kampuni Rotterdam, Antwerp au Hamburg, wanaoleta kahawa na viungo kutoka nyumbani, na kupeleka vipuri, mashine na majokofu Mombasa, Dar es Salaam au Dubai. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la matamko ya forodha. Faini nyingi nilizoziona hazikutokana na magendo. Zilitokana na mtu mwaminifu aliyesema, "Wakala atajua." Wakala anaandika kile ulichompa. Jina linaloonekana kwenye tamko ni la kampuni yako, na maswali yakija yatakuja kwako. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla kontena halijafungwa.

Hatua ya 1: Pata namba ya EORI

Hiki ndicho kitambulisho chako mbele ya forodha za nchi zote 27 za Umoja. Unaiomba mara moja, katika nchi ulikosajili kampuni: Uholanzi unaomba kwa Douane, Ujerumani kwa Zoll. Hailipiwi. Iombe mapema, usingoje meli iwe njiani. Ukiuza Uingereza pia, fahamu kwamba tangu 1 Januari 2021 wao wana EORI yao inayoanza na GB, na ile ya Uholanzi haitakusaidia Felixstowe.

Hatua ya 2: Ijue namba ya bidhaa yako mwenyewe

Hapa naomba utulie, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea namba hii.

Kila bidhaa duniani ina namba ya forodha. Tarakimu 6 za mwanzo zinapangwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na ni zilezile Tanzania, China au Ubelgiji. Umoja wa Ulaya unaongeza 2 ziwe 8, kisha kwa mizigo inayoingia unaongeza nyingine 2 ziwe 10. Hizo 10 utazikuta kwenye TARIC, hifadhidata iliyo wazi mtandaoni bila malipo. Ukiweka namba na nchi mzigo unakotoka au unakokwenda, TARIC inakuonyesha ushuru, vibali, na kama kuna katazo lolote. Jizoeze kuifungua mwenyewe, hata kama una wakala mzuri.

Tofauti ndogo kwenye namba ni pesa nyingi mfukoni. Kahawa mbichi ambayo haijatolewa kafeini, 0901 11, inaingia Ulaya kwa ushuru wa asilimia 0, itoke nchi yoyote. Ikaange kahawa hiyohiyo, namba inakuwa 0901 21 na ushuru wa kawaida unakuwa asilimia 7.5. Ukiipeleka Ujerumani ikiwa imekaangwa, kuna na kodi ya kahawa ya euro 2.19 kwa kila kilo, ambayo haijali kahawa imetoka wapi.

Neno ninaloliogopa kuliko yote kwenye ankara ni "vipuri". Vipuri vya nini? Vya chuma au vya plastiki? Vya trekta au vya ndege? Forodha ikisoma "vipuri" haina la kufanya ila kufungua kontena, na siku za kusubiri bandarini unazilipia wewe. Andika hivi: "beringi za gololi, za chuma, mpya, namba 6205, vipande 400, kwa ajili ya mota za pampu za maji." Mstari mmoja wa namna hiyo umeokoa mizigo mingi kuliko simu kumi za kumbembeleza ofisa.

Kama bidhaa inabishaniwa, usikisie. Omba forodha ya nchi yako uamuzi wa maandishi kuhusu namba. Uamuzi huo unazifunga forodha zote za Umoja kwa miaka 3, na wewe pia unakufunga. Ombi lenyewe halilipiwi, ingawa unaweza kudaiwa gharama za vipimo vya maabara. Inachukua miezi, kwa hiyo ni kazi ya kufanya msimu haujaanza.

Hatua ya 3: Thamani na asili

Ushuru wa kuingiza mzigo haukokotolewi kwa bei ya ankara peke yake. Nauli ya meli na bima hadi mpaka wa Umoja vinaongezwa. Ndiyo maana meli zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, walioleta mizigo hawakuumia kwenye nauli tu. Nauli ilipopanda, thamani ya kutozwa ushuru nayo ilipanda.

Dada mmoja alileta kahawa iliyokaangwa kutoka Kilimanjaro. Bei ilikuwa euro 8,000, nauli 1,200, bima 50. Thamani ya forodha ni 9,250. Tanzania imo kwenye mpango wa Ulaya kwa nchi zenye maendeleo madogo, unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha kuingia bila ushuru. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa nazo zimo. Alitegemea kulipa 0. Akalipa 693.75. Kwa nini? Kwa sababu bidhaa zikizidi thamani ya euro 6,000, tamko la asili (maandishi yanayosema bidhaa imetoka nchi gani) linakubaliwa tu kama muuzaji kule nyumbani amesajiliwa kwenye mfumo wa REX, na namba yake iandikwe kwenye tamko hilo. Muuzaji wake hakuwa amesajiliwa. Ile faida ya msimu ikaliwa na karatasi moja. Muulize muuzaji wako namba ya REX leo, kabla hujamtumia hata malipo ya awali, kisha uihakiki kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya.

Kenya ina njia yake. Mkataba wake wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024, na una kanuni zake za asili. Usichukue karatasi za Tanzania ukadhani zitafaa Kenya.

Na usiandike bei ya chini ili ulipe kidogo. Forodha ina hadi miaka 3 ya kurudi na kudai tofauti, na ikithibitika ni jinai muda unarefuka. Wanalinganisha bei yako na malipo yaliyopita benki. Nimeona kampuni nzuri ikifungwa kwa tamaa ya euro mia chache.

Hatua ya 4: Amua nani ndiye msafirishaji

Wanunuzi wengi wa nyumbani wanapenda masharti ya EXW: wewe fungua mlango wa ghala, wao watapanga mengine. Inaonekana nyepesi, lakini cha rahisi ghali. Msafirishaji kwa sheria ya forodha ya Umoja lazima awe na makao ndani ya Umoja. Mnunuzi wako wa Kariakoo hawezi kuwa. Mwishowe tamko linatoka kwa jina lako, huku wakala amechaguliwa na mtu mwingine na wewe huoni karatasi. Halafu uthibitisho kwamba mzigo umetoka Umoja haukufikii, na mkaguzi wa kodi anakuambia ile asilimia 0 ya VAT uliyotumia huna haki nayo. Ni VAT ya mzigo mzima, kutoka mfukoni mwako.

Tumia FCA badala yake. Unakabidhi mzigo mahali mlipokubaliana, unafanya tamko la kusafirisha wewe mwenyewe kwa wakala uliyemchagua, na karatasi zinabaki kwako.

Hatua ya 5: Vikwazo

Watu wengi wanadhani vikwazo ni orodha ya nchi. Ni maswali matatu, na ni lazima uyajibu yote kwa kila mzigo: anayepokea ni nani, kitu chenyewe ni nini, na kinaishia wapi.

Anza na mtu. Umoja wa Ulaya unachapisha orodha moja ya watu na taasisi waliozuiwa mali, na unaweza kutafuta jina bila malipo. Tafuta jina la kampuni, la mkurugenzi, la mmiliki, la meli, na la benki inayolipa. Majina ya Kiarabu na ya Kirusi yanaandikwa kwa namna nyingi, kwa hiyo jaribu tahajia zaidi ya moja. Usiishie kwenye jina la mlangoni, uliza nani anamiliki. Kampuni ambayo nusu au zaidi ni ya mtu aliye kwenye orodha unaichukulia kama naye iko kwenye orodha, hata kama jina lake halimo. Hata asiyefika nusu, kama ndiye anayeamua mambo, ni tatizo.

Usidhani mambo haya ni ya Moscow na Minsk tu. Machi 2025, kuhusiana na vita vya mashariki mwa Kongo, Umoja wa Ulaya uliwaweka kwenye orodha viongozi wa M23 na makamanda wa jeshi la Rwanda, pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Kigali, Gasabo Gold Refinery. Anayenunua dhahabu au koltani kutoka eneo letu la Maziwa Makuu anahitaji kujua mnyororo mzima hadi shimoni. Zaidi ya vikwazo, tangu 1 Januari 2021 kampuni ya Ulaya inayoingiza dhahabu kuanzia kilo 100 kwa mwaka inawajibika kisheria kuchunguza chanzo chake, na bati, tungsteni na tantalamu nazo zina viwango vyao.

Kisha kitu chenyewe, na hapa tunarudi kwenye beringi.

Mteja wetu mmoja alikuwa akiuza beringi na mikanda ya mashine kwa viwanda vya sukari na mkonge Afrika Mashariki. Siku moja akapata ujumbe wa WhatsApp kutoka Dubai. Kampuni ya huko ilitaka beringi za euro 38,000 kwa mkupuo mmoja. Haikubishana bei hata kidogo. Tukaangalia: kampuni ilikuwa na umri wa miezi minne. Tovuti yake ilionyesha samani za ofisi. Malipo yangetoka kwa kampuni nyingine, nchi nyingine. Na aliomba ankara iandikwe "vipuri vya matrekta", bila namba za beringi.

Kila kimoja kati ya hivyo peke yake kingeweza kuwa na maelezo. Vyote pamoja ni king'ora. Tulimshauri aombe vitu vitatu: barua inayosema nani mtumiaji wa mwisho na anazifungia wapi, nakala ya leseni ya biashara yenye majina ya wamiliki, na malipo kutoka akaunti ya mnunuzi mwenyewe. Jibu halikuja tena. Mteja wetu alihuzunika wiki nzima, kwani euro 38,000 si mchezo kwa duka la watu watatu. Mimi nililala vizuri.

Kwa bidhaa za ile orodha ya namba 50 kuna jambo jingine la lazima. Tangu 20 Machi 2024, unapouza nje ya Umoja bidhaa za aina hizi, mkataba wako uwe na kipengele kinachomkataza mnunuzi kuzipeleka tena Urusi au kuziuza kwa matumizi ya huko, na kinachosema atapata adhabu gani akivunja. Nchi chache washirika, kama Marekani, Japani na Uswisi, zimeachwa nje ya sharti hili. Tanzania, Kenya, Oman na Emirati hazimo kwenye msamaha huo. Kwa hiyo hata beringi za kiwanda cha sukari cha nyumbani zinahitaji kipengele. Ukijua kimevunjwa, unatakiwa kuijulisha mamlaka ya nchi yako. Kwa Belarus kuna sharti linalofanana na hili.

Swali la tatu, mahali. Mzigo unaotamkwa kwenda Mombasa lakini nauli imelipwa hadi bandari nyingine, au mnunuzi anayebadilisha bandari meli ikiwa tayari baharini, usimpuuze. Piga simu, uliza sababu, andika jibu.

Na dola? Malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki za Marekani, kwa hiyo orodha ya Washington inaweza kukugusa ukiwa Rotterdam. Angalia orodha zote mbili. Lakini kuna mtego: kanuni ya Ulaya namba 2271/96 inakataza kampuni za Umoja kutii baadhi ya vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba na Iran. Usimwandikie mteja "tunakataa kwa sababu ya sheria ya Marekani" bila kwanza kumwona mwanasheria.

Uzito wa kosa umeongezeka. Agizo la Umoja namba 2024/1226 lilizitaka nchi wanachama kufanya uvunjaji wa vikwazo kuwa jinai kufikia 20 Mei 2025. Kwa makosa makubwa, kiwango cha juu cha faini ya kampuni hakitakiwi kuwa chini ya asilimia 5 ya mauzo yake yote duniani, au euro milioni 40. Na kwa bidhaa za kijeshi na za matumizi mawili (nitazieleza Hatua ya 6), hata uzembe mkubwa unaweza kuhesabiwa kuwa jinai.

Hatua ya 6: Vitu vya matumizi mawili

Kuna bidhaa za kiraia zinazoweza kutumika kijeshi. Kanuni yake ni 2021/821, na kiambatisho chake cha kwanza ni kirefu na cha kiufundi. Mfano wa karibu nasi ni kamera zinazoona joto usiku. Mtu anataka kuwapelekea askari wa wanyamapori wapambane na majangili, nia njema kabisa, lakini nyingi kati yake haziwezi kutoka Ulaya bila leseni. Mwulize mtengenezaji kwa maandishi kama bidhaa imo kwenye kiambatisho. Leseni Ujerumani inatolewa na BAFA iliyoko Eschborn, Uholanzi na CDIU iliyoko Groningen. Panga kwa wiki au miezi, wala usimwahidi mteja tarehe.

Hatua ya 7: Mitumba ya umeme

Hapa ndipo watu wetu wanaumia zaidi, na inaniuma kwa sababu wengi wanajaza kontena kwa akiba ya miaka. Jokofu, televisheni au mashine ya kufulia iliyotumika, ukishindwa kuonyesha kwamba inafanya kazi, kisheria inaweza kuhesabiwa kuwa taka. Kupeleka taka za umeme Afrika kutoka Ulaya kumekatazwa. Kontena linashushwa, linafunguliwa, na gharama za kurudisha na kuteketeza ni zako.

Kila kifaa kipimwe kabla hakijapakiwa. Kibandike karatasi yenye aina ya kifaa, namba yake, tarehe ya kupimwa, matokeo, na jina la aliyepima. Ambatanisha ankara inayosema kinauzwa kitumike tena. Kifunge vizuri: jokofu lililotupwa juu ya godoro bila kadibodi linamwambia mkaguzi kwamba wewe mwenyewe unaliona takataka. Majokofu ya zamani yenye gesi inayoharibu ozoni, kama R12, yaache kabisa. Soma kibati kilicho nyuma, karibu na kompresa.

Upande wa kupokelea nao una yake. Mizigo mingi ya Tanzania inahitaji cheti cha ubora cha TBS kabla ya kupakiwa, na ya Kenya cha KEBS. Kenya haipokei gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8.

Hatua ya 8: Siku ya tamko, na faili baada yake

Mpe wakala idhini ya maandishi, na msome pamoja ni uwakilishi wa aina gani. Wa moja kwa moja, anafanya kwa jina lako na deni la ushuru ni lako. Usio wa moja kwa moja, anatamka kwa jina lake na mnabeba deni pamoja, ndiyo maana anatoza zaidi. Tamko likipokelewa linapata MRN, namba ya tarakimu na herufi 18. Kwa mzigo unaotoka usitosheke na MRN: subiri uthibitisho kwamba umevuka mpaka wa Umoja, kwa sababu huo ndio unaotetea asilimia 0 ya VAT. Kwa mzigo unaoingia Uholanzi, omba kibali cha kifungu cha 23, kinachokuruhusu kuhamishia VAT kwenye ritani yako badala ya kuilipa pale bandarini. Kwa kampuni changa, huo ni mtaji unaobaki mkononi.

Waletaji wa kahawa na kakao wafuatilie kanuni ya misitu namba 2023/1115. Tarehe zake zimeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini dai lake ni lilelile: shamba lisiwe lilikatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na uwe na ramani ya mahali lilipo. Kukusanya ramani za mashamba ya wakulima mia tatu wa Mbinga ni kazi ya msimu mzima, kwa hiyo anza na chama chao cha ushirika sasa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila mzigo weka faili moja: mkataba, ankara, hati ya shehena, tamko, uthibitisho wa kutoka au kuingia, hati ya asili, risiti ya benki, na picha za skrini za utafutaji wa majina zikiwa na tarehe. Uholanzi utatakiwa kuvitunza kwa miaka 7.

Na ukigundua umekosea, namba si sahihi au nauli ilisahaulika, usinyamaze ukiomba Mungu wasione. Mwandikie wakala siku hiyohiyo aombe marekebisho, eleza kosa lilivyotokea, na ambatanisha hesabu sahihi. Marekebisho yanaweza kuombwa hadi miaka 3 baada ya tamko, lakini usingoje hadi forodha ikutaarifu kwamba inakuja kukukagua.